Bahasha ya Mwandishi

Wiki hii tumeona tuwaeleze wasomaji wetu jambo moja la kazi yetu ambalo halionekani gazetini. Mwandishi wa mji mkubwa humwandika mtu leo, na huenda asikutane naye tena maishani. Sisi wa Ifakara, tunayemwandika tunaswali naye safu moja siku ya Ijumaa, tunanunua naye mchele soko moja, na wanawe wanasoma madrasa moja na wetu.

Habari za bonde hili si haba. Mto Lumemo ukifurika, maji huingia majumbani. Wakulima na wafugaji huigombea ardhi ile ile. Na Januari 2016 kivuko cha Mto Kilombero kilipinduka, miaka miwili kabla ya kuzinduliwa daraja la mita 384 linalotuunganisha na ndugu zetu wa Ulanga. Siku za msiba kama ule kila kijiwe huwa na idadi yake ya maiti, na mhariri hupiga simu bila kukoma. Hapo aya ya 6 ya Suratul Hujuraat hututosha kuwa mwalimu: tuichunguze habari kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Lililo zito zaidi ni bahasha. Baada ya mkutano au uzinduzi, mwandishi huitwa pembeni akapewa kinachoitwa nauli. Wengi wetu hatuna mshahara. Hulipwa kwa habari iliyochapishwa tu, na malipo hayo aghalabu hayafikii gharama ya kuifuata habari yenyewe hadi Mlimba na kurudi. Kwa hiyo hatuna wepesi wa kuwalaumu wenzetu wanaopokea.

Hata hivyo, Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporudi alizitenga mali: hizi zenu, na hizi nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi ingemfuata huko. Kipimo hicho ni kikali kwa mwandishi. Tusingekuwa na kalamu, nani angetuita pembeni? Tena bahasha, kwa kawaida, haiombi uongo. Huomba kimya tu: jina fulani liachwe, ekari kadhaa zisitajwe.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno ya mpunga, liliteremshwa mlangoni kwetu gunia la mchele. Mletaji alikuwa mtu ambaye siku tatu kabla tulimhoji juu ya mpaka wa shamba uliogombewa. Mama watoto alimkaribisha kwa heshima, kwani mgeni hafukuzwi, naye alipokwisha kuondoka akatuuliza: "Baba watoto, huyu tulimkopesha lini?"

Hatukuwa na jibu. Gunia likarudi kwa baiskeli kabla ya Magharibi, na mwenyewe akakaa mwezi mzima bila kuitikia salamu yetu. Jambo hilo lilituuma, maana ni jirani mwema na tulizoea kufuturu pamoja. Habari ilitoka wiki iliyofuata, pande zote mbili za mpaka zikiwa zimesikilizwa. Malipo yake yalitufikia baada ya miezi miwili.