Tuwatukuze Wangali Hai

Marehemu Ayub Ogada, mwanamuziki wa Kenya na fundi wa kupiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, alipiga ala yake katika vituo vya treni za chini ya ardhi za London kabla ya santuri yake, *En Mana Kuoyo*, kutolewa Uingereza mwaka 1993 na kumpatia sifa ulimwenguni. Na alipofariki Nyahera, karibu na Kisumu, mwaka 2019, ndipo wengi wetu tulipotanabahi ni johari gani iliyokuwa jirani yetu.

Haifai, basi, kungojea hukumu ya wageni ndipo tuwathamini vijana wanaotunga muziki wa benga na ohangla kwa gharama zao wenyewe. Yatupasa tuhudhurie maonyesho yao Kisumu, Siaya na Homa Bay, tulipe kiingilio kwa ridhaa, na tununue nyimbo zao mpya. Kwani sifa tupu hazimlishi msanii, na taadhima iliyo kamili ni ile apewayo na watu wa kwao angali hai.