Tupime Mashine Kwanza: Uchaguzi wa Linux Shuleni

Ndugu walimu, tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4 na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi kuukuu hazina. Hapa Ipuli nimewasikia wenzangu wakiziita mashine hizo vyuma chakavu. Sikubaliani nao. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutolewa bure nayo yaweza kuzirudisha kazini.

Walakini, matoleo ya Linux ni mengi mno, na hapo ndipo tunapojikwaa. Mimi mwenyewe nilichagua toleo kwa uzuri wa sura yake, nikaliweka katika kompyuta za gigabaiti 2. Wanafunzi walikaa watatu watatu mbele ya kioo kisichojibu, kipindi kikaisha pasipo barua hata moja kuandikwa. Wapagazi waliopita Tabora karne ya 19 wakielekea Ujiji walipimiwa mizigo kabla ya safari; mimi sikupima.

Kwa hiyo mwalimu aitazame mashine kwanza. Kwa gigabaiti 4, Linux Mint yenye sura ya Xfce yafaa, wala haimpotezi aliyezoea Windows. Toleo lake la 22 litahudumiwa hadi 2029. Kwa gigabaiti 2, Debian yenye sura ya LXQt ni nyepesi zaidi. Toleo lijaribiwe kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ili printa ikigoma ijulikane mapema. Na shule nzima itumie toleo moja. Mwalimu anayebadili kila muhula hujifunza yeye, si wanafunzi wake.

Wako wasemao kwamba maofisini hutumika Windows. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwanafunzi aliyeelewa faili ni nini na huhifadhiwaje hatapotea akihamia kwingine. Aliyekariri mahali pa kubofya atapotea hata ndani ya Windows, sura yake ikibadilishwa. Lugha nayo isisahauliwe: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.

Linalonisumbua bado ni masahihisho ya usalama, maana bando la mwalimu mmoja haliwezi kulisha chumba kizima. Kwa sasa nayapakua kwa kompyuta moja, kisha nayahamisha kwa flashi, Jumamosi, umeme ukiwapo.