Maiti Haitoi Ushahidi

Tarehe 14 Septemba 2009, karibu na mji wa Barawe kusini mwa Somalia, helikopta za jeshi la Marekani zilishambulia msafara mdogo wa magari na kumuua Saleh Ali Saleh Nabhan, Mkenya aliyekuwa akisakwa kwa miaka mingi. Mizinga iliponyamaza, helikopta zilitua. Wanajeshi wakashuka, wakauchukua mwili, wakaruka nao. Nabhan alishukiwa kuwa miongoni mwa waliopanga shambulio la Hoteli ya Paradise, Kikambala, kaskazini ya Mombasa, tarehe 28 Novemba 2002. Siku ile waliuawa Wakenya 10 na Waisraeli 3, na kati ya hao Wakenya walikuwamo wachezaji ngoma waliosimama mlangoni kuwakaribisha wageni waliotoka uwanja wa ndege. Kesi ilifunguliwa nchini Kenya, na mwaka 2005 washtakiwa wakaachiwa huru kwa kuwa ushahidi haukutosha. Mtu ambaye pengine angeweza kusema nani alitoa fedha, nani alinunua gari, nani aliingiza makombora yaliyorushwa asubuhi hiyo hiyo kwenye ndege ya Israeli ilipokuwa ikipaa Mombasa, alichukuliwa Barawe akiwa maiti. Sidai kwamba kumkamata kungekuwa kazi nyepesi. Ninachodai ni kwamba waliohesabu faida ya siku ile hawakuiweka hasara hii katika hesabu yao, na tangu hapo imeendelea kuachwa nje kila kiongozi wa kundi la kigaidi anapouawa na wakubwa wa dunia wakatangaza ushindi.

Makala za toleo hili zinajadili mauaji ya kulenga: serikali kumchagua mtu kwa jina, kumfuatilia kwa ndege isiyo na rubani au kikosi maalumu, na kumuua bila kumfikisha mahakamani. Waandishi wetu hawakubaliani, na mimi sitajifanya sina upande. Ninaamini kwamba njia hii, ikishafanywa kuwa kawaida, ni dhaifu kuliko inavyosifiwa, na udhaifu wake na ubaya wake vina chanzo kimoja. Inaua chanzo cha habari, na inamuua mtu pekee ambaye neno lake lingeweza kuwafanya wapiganaji waweke silaha chini.

Tuanze na matokeo. Tarehe 1 Septemba 2014 makombora ya Marekani yalimuua Ahmed Abdi Godane, kiongozi mkuu wa al-Shabaab, yule aliyekiri hadharani kwamba kundi lake ndilo lililoshambulia jengo la Westgate, Nairobi, mwaka mmoja kabla, ambako watu 67 walikufa. Haikupita wiki, al-Shabaab ikamtangaza mrithi wake, Ahmed Umar. Miezi saba baadaye, alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Kabla ya Godane alikuwapo Aden Hashi Ayro, aliyeuawa kwa makombora huko Dhusamareb Mei 2008. Miaka miwili baada ya kifo chake kundi hilo likatoka nje ya Somalia kwa mara ya kwanza na kuua watu zaidi ya 70 mjini Kampala waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Sisemi kwamba kifo cha Ayro ndicho kilichozaa Kampala, wala kifo cha Godane Garissa. Nasema kwamba waliotuahidi kuwa kichwa kikipondwa nyoka atakufa wanadaiwa maelezo.

Na maelezo yapo, tena hayako angani. Yako barabarani. Lori linalobeba mizigo kutoka bandarini kwenda bara hufika kwenye kizuizi cha al-Shabaab. Dereva hulipa ushuru kulingana na aina ya gari na mzigo, naye hupewa risiti. Akifika kizuizi kinachofuata huonyesha risiti ile na kupita bila kulipa tena. Madereva wengi husema kwamba kwenye vizuizi vya wanajeshi wa serikali hulipishwa kila mahali na hawapewi karatasi yoyote. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kwamba kundi hilo hukusanya kiasi cha dola milioni 100 kwa mwaka kwa njia za namna hiyo, ukijumlisha zaka na malipo ya wafanyabiashara. Kundi lenye kitabu cha mapato, mahakama zake, na waamuzi wa migogoro ya ardhi ambao wanavijiji huwafuata kwa hiari yao kwa sababu hukumu zao hutekelezwa, halishikiliwi na mtu mmoja. Ukimuua mkubwa, mtoza ushuru kesho ataamka na kwenda kazini.

Utafiti wa kitaaluma umegawanyika, na ni haki kusema hivyo. Jenna Jordan alichambua matukio 298 ya kuondolewa kwa viongozi kati ya 1945 na 2004, akaona kwamba makundi makubwa, ya zamani na yenye mizizi ya kidini mara nyingi huvumilia pigo hilo, na mengine hudumu kuliko yale yasiyoguswa. Bryan Price alichunguza makundi 207 akafikia jambo tofauti: kundi linalopoteza kiongozi lina uwezekano mkubwa zaidi wa kufa. Watetezi wa makombora hupenda kumtaja Price. Lakini wamsome mpaka mwisho. Price aliwahesabu pamoja viongozi waliouawa na waliokamatwa, na athari aliyoiona hupungua kadiri kundi linavyozidi kuwa na umri. Kwa hiyo hata tukimfuata yeye, hatupati sababu ya kupendelea kuua kuliko kukamata. Tunachopata ni sababu ya kuwahi.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Peru. Abimael Guzmán, kiongozi wa kundi la waasi la Sendero Luminoso, alisakwa kwa zaidi ya miaka kumi huku vita vyake vikiua maelfu ya watu. Waliompata hawakuwa marubani. Walikuwa polisi wachache wa upelelezi waliokuwa wakikusanya takataka za nyumba moja mtaa wa kawaida jijini Lima, nyumba yenye darasa la kucheza dansi chini yake. Ndani ya taka walikuta vichungi vya sigara za aina aliyojulikana kuivuta, na tyubu za dawa ya ugonjwa wa ngozi aliojulikana kuwa nao. Tarehe 12 Septemba 1992 waliingia ndani na kumtia mbaroni, naye hakuuawa. Nchi nzima ikamwona kwenye televisheni, mzee mnene mwenye miwani akiwa ndani ya kizimba, na picha ile ikaufuta utukufu ambao wafuasi wake walikuwa wamemvika. Mwaka uliofuata aliandika kutoka gerezani akiomba mazungumzo ya amani. Kundi likapasuka katikati, kati ya waliomtii na waliokataa, na halikurudi tena kuwa lile lililokuwa. Mtu aliyekufa angebaki picha ukutani na kiapo cha kisasi.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hii, ingawa hatuikumbuki sana. Abdullah Öcalan, mwanzilishi wa PKK ya Wakurdi, alikamatwa Nairobi Februari 1999, baada ya kutoka katika makazi ya balozi wa Ugiriki alikokuwa amejificha, akapelekwa Uturuki. Namna alivyokamatwa si ya kuigwa, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema baadaye kwamba kesi yake haikuwa ya haki. Alihukumiwa kifo, lakini hakunyongwa, na Uturuki ikafuta adhabu hiyo. Mwaka ule ule wa kukamatwa kwake aliwaita wapiganaji wake waondoke Uturuki. Utulivu ulidumu kwa muda, kisha vita vikarudi. Halafu Februari 2025, baada ya miaka 26 kifungoni katika kisiwa cha Imrali, aliliambia kundi lake livunjwe, na Mei mwaka huo PKK ikatangaza kujivunja. Vita hivyo viliua watu wapatao 40,000. Nauliza: nani mwingine angeweza kutoa agizo lile na wapiganaji wakalitii?

Pingamizi la kwanza ni zito, na sitalikwepa. Lima kulikuwa na polisi. Nairobi kulikuwa na serikali. Barawe ya mwaka 2009 haikuwa na hakimu wala kituo cha polisi ila vya al-Shabaab wenyewe. Je, tuache muuaji aendelee kupanga kwa sababu mahakama haimfikii? Hapana. Mtu aliye mbioni kuua, na hakuna njia nyingine ya kumzuia, anaweza kuzuiwa kwa nguvu, hata ya kuua. Sheria za kimataifa zinakubali hilo na dhamiri inakubali. Ila neno «hakuna njia nyingine» lazima lithibitishwe kila mara, lisiwe muhuri wa kugongwa tu. Oktoba 2013, makomando wa Marekani waliingia Barawe kutoka baharini kumtafuta kamanda mwingine. Walipokutana na upinzani na kuona kuna watoto ndani, walirudi nyuma. Siku hiyo hiyo wenzao walimkamata mtuhumiwa mwingine wa ugaidi, Abu Anas al-Libi, akiwa hai barabarani mjini Tripoli. Kabla ya hapo, Aprili 2011, Ahmed Warsame wa al-Shabaab alikamatwa katika chombo baharini kati ya Somalia na Yemen, akahojiwa, na baadaye akakiri makosa mahakamani New York. Kuhojiwa kwake melini kwa wiki kadhaa bila wakili si jambo la kujivunia, lakini alisema mengi. Njia zipo zaidi ya zinavyotajwa.

Na jaribio la kuua likishindwa, gharama hulipwa na wasiokuwa na hata chumba cha kujificha. Desemba 2008 majeshi ya Uganda, yakisaidiwa na Marekani, yalipiga mabomu kambi za Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, katika msitu wa Garamba, Congo. Kony hakuwamo. Katika wiki chache zilizofuata LRA ililipiza kisasi kwa wanavijiji wa Faradje na Doruma na maeneo jirani, wengi wakiwa wamekusanyika kwa Krismasi. Zaidi ya watu 800 waliuawa kwa mapanga na marungu. Mpango ulikuwa na ramani ya kumfikia Kony. Haukuwa na mpango wa kuwalinda watu wale.

Kuna pia suala la siri. Aprili 2018 jeshi la Marekani lilishambulia gari karibu na El Buur, katikati ya Somalia, na kutangaza kwamba waliokufa wote walikuwa magaidi. Mwaka mzima ulipita kabla ya kukiri kwamba kati yao walikuwamo raia wawili, mwanamke na mtoto. Mahakamani, kosa kama hilo lina mahali pa kutokea: wakili huuliza, shahidi hubanwa, hakimu huandika. Chini ya kombora, mpigaji ndiye anayechunguza kama alipiga sawa.

Sisi wa pwani tunajua kwamba mazoea haya hayaishii mbali. Sheikh Aboud Rogo alikuwa na kesi mahakamani Mombasa alipopigwa risasi ndani ya gari lake, mkewe akiwa pembeni, tarehe 27 Agosti 2012. Mwaka 2013 aliuawa Sheikh Ibrahim Ismail, na Aprili 2014 Abubakar Shariff, aliyeitwa Makaburi, nje ya mahakama ya Shanzu. Serikali ya Kenya ilikana kuhusika, na hakuna aliyehukumiwa kwa vifo hivyo. Simtetei Rogo kwa aliyoyahubiri. Mahubiri yake yaliwapeleka vijana wetu kufa Somalia. Lakini palipaswa kuwapo siku ya hukumu, upande wa mashtaka uweke ushahidi mezani na mama wa kijana aliyepotea akasikia. Badala yake Mombasa iliingia katika fujo, makanisa yakashambuliwa, na sauti yake ikaendelea kusambaa katika kanda na simu. Watafiti wa Cabo Delgado wameandika kwamba mafundisho yake na baadhi ya wafuasi wake vilifika kaskazini ya Msumbiji, ambako vita vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa waathirika, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Wanasema: kumwacha hai ni kumpa nafasi ya kusamehewa. Mukhtar Robow, aliyekuwa naibu wa Godane na aliyewekewa na Marekani zawadi ya dola milioni 5, alijitoa rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 akateuliwa waziri wa masuala ya dini mjini Mogadishu. Kwa mjane wa Mogadishu hilo ni kidonda, na hana kosa kusema hivyo. Lakini Robow hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote kwa yale aliyoyatenda, na kilichomnyima mjane huyo haki ni hilo, si uhai wa Robow. Waathirika wa mabomu ya 7 Agosti 1998 ya Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua watu 224, walipata kitu ambacho wale wa Kikambala hawajakipata. Mwaka 2001, katika mahakama ya New York, manusura walisimama mbele ya wanaume wanne, mmoja wao Mzanzibari Khalfan Khamis Mohamed, wakasema walichokiona. Upande wa mashtaka uliomba adhabu ya kifo kwa wawili kati yao. Baraza la mahakama halikuafikiana juu yake, na wote wanne wakapewa kifungo cha maisha. Ushahidi wao umo kwenye kumbukumbu za kesi, ukurasa kwa ukurasa, na yeyote anaweza kuusoma. Jalada la Kikambala halina ukurasa wa Nabhan.