Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Methali hii niliisoma kwa mara ya kwanza darasani, katika mwaka wa kwanza wa masomo yangu ya Kiswahili hapa Kampala. Mhadhiri alituuliza maana yake, nasi tukacheka. Tuliona ni fumbo tu: anayekopa hushangilia kama yuko harusini, na siku ya kulipa hulia kama aliyefiwa. Leo sicheki. Mimi ni bwana harusi mtarajiwa, na nimegundua kwamba kwetu Uganda methali hiyo si fumbo hata kidogo. Watu wanakopa kwa ajili ya harusi yenyewe, na matanga huwafuata maharusi nyumbani kwao.

Hoja yangu ni moja. Bwana harusi anayekaa kimya wakati harusi yake inapangwa ndiye anayeuandaa umaskini wa nyumba yake. Tusiwasingizie wakwe, wala tusiisingizie mila. Kosa ni letu sisi wanaume tunaonyamaza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ninayejiendeleza chuoni. Mshahara wangu ni shilingi 400,000 kwa mwezi. Nilipokubaliana na mchumba wangu, marafiki waliniambia lazima niunde kamati. Wenzetu wa Tanzania wanalijua jambo hili, maana nao wana vikao na kadi za mchango. Kwetu kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari la ahadi. Tulikuwa tukikutana kila Alhamisi jioni katika ukumbi nyuma ya baa moja. Siku ya kwanza nilifurahi kuona watu wengi wananipenda. Siku ya pili ilisomwa bajeti: shilingi 24,000,000. Nilipiga hesabu kichwani. Huo ni mshahara wangu wa miezi 60, bila kula, bila kodi ya nyumba, bila nauli. Miaka mitano!

Ndani ya bajeti hiyo mlikuwa na magari manne ya kifahari, mahema, mapambo, keki ya ngazi saba, mshereheshaji mwenye jina na wapiga picha wenye droni. Niliinua mkono nikauliza kama tungeweza kupunguza magari. Mwenyekiti akanijibu mbele ya wote, "Bwana harusi, wewe nyamaza. Kazi yako ni kuvaa suti." Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka. Hiyo ndiyo aibu yangu, kwamba nilicheka.

Alhamisi zikaendelea. Mkungu wa matoke ulinadiwa kwa bei mara kumi ya bei ya sokoni. Aliyechelewa alitozwa faini. Rafiki yangu mmoja, ambaye nilijua anadaiwa kodi ya chumba chake, aliahidi 200,000 kwa sababu tu jirani yake ameahidi 150,000. Baada ya wiki sita daftari lilikuwa na ahadi za shilingi 11,000,000. Fedha taslimu zilikuwa 3,200,000. Mweka hazina alinivuta kando akaniambia kwa upole kwamba pengo huzibwa na mwenye harusi. Alikuwa amekwisha kunitafutia fomu ya mkopo wa miaka minne. Dhamana yake ingekuwa shamba la kahawa aliloniachia marehemu baba kule Masaka.

Sikuitia sahihi fomu ile, na sababu ni kaka yangu. Harusi yake ilifanyika miaka saba iliyopita, na watu wa kijijini bado wanaisifu. Wanasema nyama ilibaki. Wasichosema ni kwamba sehemu yake ya shamba hilohilo iliuzwa katika mwaka wa pili wa ndoa ili kulipa deni. Shemeji yangu, ambaye siku ile alishuka kutoka gari refu jeupe, leo anakodi kipande cha ardhi alime mihogo. Anakikodi kwa mtu aliyelinunua shamba lao. Kila nipitapo pale naona harusi ile na matanga yake mahali pamoja.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema harusi ni mara moja tu maishani. Ni kweli, lakini mkopo hulipwa kila mwezi. Siku moja haiwezi kuwa na haki ya kula miaka minne ya watoto ambao bado hawajazaliwa.

Wa pili atasema kuchangiana ndio Uafrika, nami nataka kuua umoja wetu. Sivyo. Mgala muue na haki yake mpe: watu walionichangia wana moyo mwema, nami sitawasahau. Lakini tuangalie vizuri. Jirani akifiwa, hatuhitaji daftari. Kila mtu huja na alichonacho: huyu kuni, huyu ndizi, huyu mikono yake. Huo ndio umoja. Katika mikutano ya harusi, mchango wangu huandikwa ili nami niudai siku yangu ikifika, na asiyetoa hukumbukwa kwa ubaya. Umoja unaoandikwa ili udaiwe baadaye ni deni, hata tukiuita kwa jina zuri namna gani.

Wa tatu atasema tunalazimika, kwa kuwa mila inataka. Mimi ni Muganda, basi niongee juu ya mila ninayoijua. Sherehe yetu ya posa huitwa kwanjula, na neno lenyewe maana yake ni kutambulisha. Binti humtambulisha kwa wazazi wake mwanamume aliyemchagua, naye mwanamume huja na watu wake na zawadi. Kanzu ya baba ipo. Gomesi ya mama na ya shangazi ipo. Jogoo wa kaka wa binti hakosekani, kwa maana bila huyo jogoo mtu hajapewa mke. Sasa niambieni, ni mzee gani aliyewahi kusema kwamba bila droni mtu hajapewa mke? Makochi, majokofu na magari yanayopangwa uani siku hizi tumeyaleta sisi, kisha tukayavika kanzu ili yaonekane ya kale.

Tena mila si jiwe. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikufutwa, na watu bado wanaoana kimila kama kawaida. Mila iliondolewa mwiba nayo haikufa. Na Machi 2020, wakati wa korona, Rais aliagiza kwamba harusi zisizoweza kuahirishwa zisizidi watu 10. Mwalimu mwenzangu alifunga ndoa wakati huo, bila hema wala msafara. Sijasikia mtu akisema ndoa yake ni nusu. Ninachokijua ni kwamba amekwisha jenga vyumba viwili, nasi tuliobaki tunaendelea kupanga.

Baada ya kuikataa fomu, nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilimuuliza mchumba wangu anataka nini. Tulikaa kwenye benchi nje ya hospitali anakofanya kazi ya uuguzi, akiwa bado na sare. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi nilidhani magari manne ni wewe unayeyataka. Niliogopa nikikataa utasema sikuthamini." Miezi miwili tulikuwa tunaelekea kwenye deni, kila mmoja akidhani anamfurahisha mwenziwe. Hakuna mwanakamati aliyetuuliza, na sisi wenyewe hatukuulizana.

Tulikwenda pamoja kwa shangazi yake, ambaye kwa Kiganda huitwa ssenga na ndiye mlango wa mambo haya. Nilimweleza uwezo wangu wote, shilingi kwa shilingi, huku jasho likinitoka. Hakukasirika. Alisema, "Mkwe wangu, hayo mengine huwa mnayaleta wenyewe, halafu mnasema tumeyaomba."

Simwambii msomaji kwamba sasa mambo ni shwari. Mwenyekiti amejiuzulu na anasema nimemdhalilisha. Baba mdogo, aliyetarajia kuongoza msafara wa magari, hapokei simu yangu tangu mwezi uliopita, na hilo linaniuma kwa sababu ndiye aliyenilipia karo baada ya baba kufa. Huenda siku ya harusi kiti chake kikawa kitupu. Nitamwendea tena Jumamosi hii, na nitapiga magoti, lakini fomu ile sitakwenda nayo.

Wageni wetu watakuwa 70. Tutakula matoke na kuku wa kienyeji katika uwanja wa kanisa. Gari ni moja, la rafiki yangu, na mafuta nitatia mimi. Waliokwisha toa fedha nimewaambia wachague: warudishiwe, au ziende kwenye chakula cha siku hiyo. Ahadi zote zilizobaki nimezifuta kwa kalamu nyekundu. Rafiki yangu mwenye deni la kodi alinishika mkono muda mrefu bila kusema neno.

Ndugu zangu mnaotarajia kuoa, sheria haidai mengi: taarifa ya ndoa iliyotolewa mapema, nyinyi wawili, mwenye mamlaka ya kufungisha ndoa, na mashahidi wawili. Yote yanayozidi hapo ni hiari yenu, na hiari huanza na kusema. Mtu akikuambia kazi yako ni kuvaa suti, mwulize ni nani atakayelipa deni siku suti hiyo itakapokuwa imepauka. Muulize kabla hamjacheka pamoja.