Kasa Wanne na Msiba wa Mali Kauli

Tajiri wa Pwani akikukabidhi bunda la khanga ukauze kwanza, kisha ndipo umpelekee fedha zake, twasema amekupa mali kauli. Hakuna rehani wala wakili. Dhamana ni ulimi wako. Biashara ya namna hii imejenga maduka mengi, na waama imevunja udugu mwingi pia.

Mwaka 2025 kisa cha mali kauli kilizuka Marekani, tena katika uwanja ambao wengi wetu twaudhania kuwa ni wa watoto: vitabu vya hadithi za picha. Wachapishaji wadogo waliamka wakakuta shehena ya vitabu vyao, waliyoiweka katika ghala la msambazaji mkubwa, inatakiwa iuzwe ili lilipwe deni la msambazaji huyo. Vitabu ni vyao, deni si lao. Imekuwaje? Ili tufahamu, yafaa tuanze na kasa wanne.

MAZIGAZI YA SEBULENI

Mwezi wa Mei 1984, katika mji mdogo wa Dover, jimbo la New Hampshire, vijana wawili, Kevin Eastman na Peter Laird, walitoa kitabu cha picha walichokiita Teenage Mutant Ninja Turtles. Ni hadithi ya kasa wanne walioingiwa na taka ya sumu, wakageuka maumbile yao, kisha wakafunzwa na panya mzee kupigana kwa mbinu za Kijapani. Walipewa majina ya mabingwa wa sanaa wa Italia ya zamani: Leonardo, Donatello, Raphael na Michelangelo. Jambo lenyewe lilianza kama mzaha, kuwacheka wale mashujaa wenye misuli waliojaa katika vitabu vya wakati ule.

Vijana hao hawakuwa na kampuni ya kuitwa kampuni. Jina walilojipa, Mirage, maana yake ni mazigazi, kwa kuwa studio yao haikuwako. Ilikuwa ni sebule tu ya nyumba. Mtaji waliupata kwa kodi waliyorudishiwa na serikali na mkopo kutoka kwa jamaa yake Eastman. Wakachapa nakala kama 3,000 kwa wino mweusi mtupu, wakaziuza dola moja na nusu kila moja. Zikaisha, wakachapa tena. Desemba 1987 kasa wakaingia katika televisheni, na filamu yao ya mwaka 1990 ikachuma zaidi ya dola milioni 200 duniani.

Lililowatofautisha vijana hawa na waliowatangulia si ufundi wa kalamu. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki ya Superman kwa dola 130, na waliotajirika kwa shujaa huyo wakawa ni wengine. Mchumia juani hulia kivulini, lakini wao walichuma juani na kivulini wakala watu wengine. Eastman na Laird hawakuuza. Kila mwanasesere na kila filamu ilipita kwao kwanza. Hata Laird alipoiuzia Viacom kasa hao mwaka 2009, naye ameshanunua fungu la mwenzake, aliuza kwa dola zipatazo milioni 60, na kwa hiari yake.

Wala hakuwasahau waliobaki sebuleni. Mwaka 1992 Laird alianzisha mfuko ulioitwa Xeric, ambao kwa miaka ishirini uliwapa fedha wachoraji waliotaka kujichapishia kazi zao wenyewe.

NJIA NI YA NANI?

Lakini kumiliki kitabu ni jambo moja, na kumiliki njia inayokipeleka kwa msomaji ni jambo lingine. Hapa ndipo penye fundo.

Tangu miaka ya 1970 kulikuwa na utaratibu mpya Marekani. Badala ya vitabu hivi kuuzwa pamoja na magazeti, na vilivyobaki kurudishwa, maduka maalumu yaliagiza mapema idadi yanayotaka, kwa bei nafuu, wala hayakurudisha kitu. Mchapishaji mdogo akajua atauza ngapi kabla hajamlipa mpiga chapa. Bila ya utaratibu huo, kasa wasingalitoka sebuleni.

Njia hiyo hiyo ilikuwa na mashimo. Kasa walipofaulu, waigaji walimiminika, hata wakatolewa panya buku wenye mikanda myeusi ya karate. Wenye maduka wakaagiza kupita kiasi, wakitumai kila kitabu kitakuwa kasa mwingine. Kufika mwaka 1987 wanunuzi wamechoka, na marobota yakawaozea wenye maduka. Wengi walifunga.

Novemba 1988, mjini Northampton, Massachusetts, wachoraji walikutana, Eastman na Laird wakiwamo, wakaandika hati ya haki za mbunifu. Humo walitaja haki ya kumiliki kazi yako yote, na pia haki ya kuchagua namna itakavyosambazwa. Haki ya kwanza wengi waliishika. Ya pili ilibaki karatasini, kwa sababu njia za kuchagua zilikuwa zikipungua. Marvel ilipojinunulia msambazaji wake mwishoni mwa 1994, wenzake wengine walikosa riziki. Mwaka 1996 kampuni ya Diamond, iliyoasisiwa na Steve Geppi mwaka 1982, ikammeza mshindani wake mkubwa wa mwisho, Capital City. Tangu hapo, mnyonge aliyetaka kitabu chake kifike madukani hakuwa na mlango mwingine wa maana.

Ndipo chombo kikaanza kuvuja. DC waliteremka mwaka 2020, Marvel mwaka 2021, na IDW, ambao tangu 2011 ndio wachapishaji wa hadithi za kasa, wakafuata mwaka 2022. Wakubwa walikuwa na pa kukimbilia. Wadogo walibaki chomboni, na Januari 2025 Diamond ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Baadaye mwaka huo ikaomba ruhusa ya kuuza shehena iliyokuwa ghalani, ikiwamo ile iliyowekwa na wachapishaji kwa mali kauli. Kwa sheria ya huko, aliyekopesha fedha akasajili dai lake hutangulia. Aliyeacha mzigo kwa kuaminiana, asiandikishe rasmi kwamba mzigo ule ni wake, aweza kuambiwa asimame nyuma ya benki, ilhali jina lake limechapwa juu ya jalada.

Haki haina upendeleo. Benki nayo ilitoa fedha za kweli, na Diamond kwa miaka mingi ilivifikisha madukani vitabu ambavyo hakuna mwingine aliyevitaka. Lakini amana haigeuki mtaji kwa sababu mwekewa ameishiwa. Ukiniachia ng'ombe wako nikuchungie, nami nadaiwa na jirani, jirani asimtazame ng'ombe.

KAULI NA KARATASI

Nimeyaandika haya kwa kuwa nayajua kwa uchungu wake mdogo. Zamani nilipeleka diwani yangu, nakala hamsini, kwa muuza vitabu mmoja, tukapeana mikono. Miezi ikapita. Niliporudi nilikuta kufuli mlangoni, na kitabu changu nikakiona baadaye kwa mchuuzi wa barabarani. Sikuwa na hata kipande cha karatasi cha kumwonyesha mtu.

Washairi wa Pwani wana ada ya kale: katika beti za mwisho mtunzi hutaja jina lake na la babake, na pengine mji wake na mwaka. Ni muhuri ambao mwizi hawezi kuung'oa bila kuharibu utenzi. Basi ada hiyo hulinda jina, hailindi mzigo. Waswahili tumekuwa hodari wa kutia sahihi ndani ya kitabu, na wazembe wa kutia sahihi wakati wa kukitoa mkononi.

Ajabu ni kwamba tulifundishwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya deni katika Suratul Baqara, haihusu vita wala pepo. Inaagiza deni la muda liandikwe, pawepo mwandishi mwadilifu na mashahidi. Chuoni tuliihifadhi kwa viboko, tukatoka nje tukapeana mikono.

Vijana wetu wanaochora na kuandika leo watazame mambo mawili kwa wale wa sebule ya Dover. Wajifunze kutouza haki yao kwa dola 130. Kisha wajifunze lililowakumba wenzao mwaka 2025: siku ya kumpa mtu mzigo wako, uliza ghala ni la nani na anadaiwa na nani, na kauli yake ikishatoka kinywani, mpe kalamu aiandike.