Mathe Hukaa Chini Dakika Kumi Kabla Apande Ngazi

Wasee, leo sina kichekesho.

Mnakumbuka ile video ya ticha mkali? Ile nimejifunga leso, nagonga meza nikipiga kelele "Nyamazeni!" Hakuna video yangu imewahi kutazamwa kama hiyo. Sasa, mathe wangu ni mwalimu. Aliiona kwa simu ya jirani. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Huyo ni mimi?"

Nilikosa jibu.

Tunaishi hapa Nyayo Highrise. Mathe anafunza primary, darasa moja watoto zaidi ya sitini. Akirudi jioni hapandi juu mara moja. Anakaa kwa benchi ya mama mboga dakika kumi, kimya, mfuko wa vitabu za kusahihisha uko miguuni. Miaka yote nilidhani anatukwepa. Juzi nikamuuliza. Akasema, "Nikipanda hivi nilivyo, nyinyi ndio mtalipia makosa ya watoto wa wenyewe."

Manze, hiyo ilinigonga.

Shida yetu ni kudhani stress ya ticha ni tabia yake. Mwaka wa 2019 WHO iliweka uchovu wa kazini kwa orodha yake ya ICD-11, na haikuuita ugonjwa. Ilisema ni hali inayoletwa na stress ya kazi ambayo haijashughulikiwa. Yaani angalia kazi kwanza. Elimu ya msingi ikawa bure 2003, madarasa yakafurika. 2023 junior school ikawekwa kwa shule hizo hizo za primary. Walimu intern wa junior school walikuwa wanapewa 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na 2024 wakaingia barabarani. Toa rent hapo, toa nauli, halafu umwambie "tulia tu."

Mathe ana mbinu zake. Zile dakika kumi. Ijumaa mfuko wa vitabu unabaki shule. Grupu ya wazazi anaizima saa mbili usiku. Na ana ticha mwenzake mmoja wa kuambiana ukweli wakati wa chai. Hizo hazipunguzi mtoto hata mmoja darasani, lakini zinamfikisha wikendi.

Najua kuna mtu atasema, "Si walituchapa? Wacha wateseke." Hata mimi nilichapwa, na viboko vilipigwa marufuku 2001. Sitetei hiyo. Lakini mtu amejaa mpaka shingoni na hana pa kumwaga, atamwagia nani? Atamwagia mtoto. Kwa hivyo ticha akipata nafuu, hata yule mdogo wako wa Grade 4 amepata nafuu.

Mimi niliacha chuo, sijifanyi mtaalamu. Video nimeitoa. Siku hizi jioni nashuka, nangoja dakika zake ziishe, halafu nabeba ule mfuko.

Kama kwenu kuna ticha, leo usimuulize mbona amenuna. Mpee dakika kumi zake, halafu umpokee mzigo.