NDEGE NDOGO IKIMWANGUKIA MTU, NANI ATALIPA?

Watu wa Mwanza si wageni wa ndege zisizo na rubani. Mwaka 2018, katika majaribio ya kupeleka dawa visiwani, chombo cha DHL kiliruka kilomita 60 juu ya ziwa kikafika Ukerewe kwa dakika 40; na mwezi Oktoba mwaka huo huo mji ukapokea mkutano na maonyesho ya vyombo hivyo, yaliyoitwa Lake Victoria Challenge. Sisi tunayafurahia mambo hayo. Mgonjwa wa kisiwani hapaswi kungoja mashua.

Lakini vyombo hivyo sasa havimo mikononi mwa wataalamu peke yao. Vyapiga picha za harusi, na wako vijana warushao ndege za mfano kwa mchezo. Nacho kirukacho huanguka. Kikikatika nguvu juu ya soko la Mwaloni, Kirumba, chini yake wapo wachukuzi na kina mama wa dagaa. Wala mtu asituambie kuwa hivyo ni vitu vya kuchezea watoto: Septemba 2013, huko New York, kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya mfano.

Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza yampa aliyeumia haki ya kumshitaki mzembe, maadamu miaka 3 haijapita. Haki hiyo ni njema kwa mwenye wakili. Je, mchukuzi aliyevunjika mkono atathibitishaje kwamba betri ilikuwa mbovu, au kwamba mrushaji alipuuza upepo wa ziwa? Na akishinda, huenda akamkuta mshitakiwa ni kijana asiye na mali ila kile chombo kilichovunjika.

Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Ni kazi njema ya Serikali, ila ni wa mwajiriwa aliyeumia kazini. Mpiga picha wa kampuni akikatwa na rafadha atafidiwa; mama wa dagaa, ajitegemeaye, hana mwajiri wa kumchangia. Huyo ndiye tunayemtetea leo.

Dereva wa daladala haruhusiwi barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Kwa nini aendeshaye juu ya vichwa vyao adaiwe pungufu? Mamlaka ya Usafiri wa Anga, itoayo vibali kwa kanuni za mwaka 2018, ione cheti cha bima kwa macho yake kabla ya kutia sahihi.

Hatutaki vijana wakatazwe. Humo watatoka mafundi. Wajiunge katika vyama. Huko Marekani chama cha warusha ndege za mfano, kilichoanzishwa mwaka 1936, humpa kila alipaye ada bima ya madhara atakayowaletea wengine. Kununua pamoja si jambo geni hapa: wakulima wa pamba waliunda Victoria Federation mwaka 1955, wakiwa na fedha kidogo kuliko vijana hawa. Shirika la Bima la Taifa, lililo mali ya umma tangu 1967, liwaandalie bima ndogo ya chama, nazo halmashauri za Jiji na Ilemela ziwatengee uwanja ulio mbali na masoko na mbali na njia ya ndege za abiria.